Hakuna ukurasa uliopotea: kuisoma Nagona bila kujitesa

Enzi za hosteli mwenzangu wa chumba alinirudishia fotokopi yangu ya riwaya ya Nagona baada ya siku mbili tu akaniambia bwana hii imeruka kurasa. Na wala hakuwa anatania. Alishaweka alama za penseli sehemu zote anazodhani fundi wa fotokopi kalala, hapa mtu yuko njiani anatembea, aya inayofuata yuko sehemu nyingine kabisa, hajapanda gari, hajavuka mto, hamna anayemuuliza umefikaje. Basi nikaenda maktaba nikaazima kitabu chenyewe tukakaa kitandani kama wahasibu tunafananisha ukurasa kwa ukurasa, huyu anasoma namba huyu anaitikia. Kurasa zote zipo. Akanyamaza kidogo alafu akauliza, "sasa huyu mzee alikuwa anamwandikia nani?"

Nimekaa na hilo swali miaka mingi kwa sababu kila mtu ninayemwazimisha kitabu hiki analirudia kwa namna yake. Mwingine anasema kigumu, mwingine anasema ni cha maprofesa, kuna mmoja aliniuliza kabisa kama mwandishi alikuwa mzima wakati anaandika. Kwa hiyo leo wacha nijaribu kufungua hili fundo, maana naona watu wanakigombeza kitabu kwa kosa ambalo sio lake.

Kwa ambaye hajakutana nayo: Nagona ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka 1990 Dar es Salaam University Press, na ndugu yake Mzingile ikafuata 1991. Ni vitabu vyembamba sana, Nagona ina kama kurasa 60 hivi, unaweza ukaimaliza kwenye basi kabla hujafika Morogoro, foleni ya Kimara ikikusaidia. Mwandishi ni mtu wa Ukerewe, kazaliwa Namagondo mwaka 1944, akapita seminari ya Nyegezi, akasoma na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadae akahamia kufundisha Botswana, akafariki Januari 2020. Hapo kati ndo kuna vitabu ambavyo wengi tumevisoma shuleni au tumesikia wakubwa wakivisema.

Na hapa lazima nisimame kidogo, maana kama humjui Kezilahabi wa mwanzo huwezi kuelewa kwanini Nagona ilishtua. Huyu ndo aliyeandika Rosa Mistika 1971, stori ya binti aliyelelewa kwa fimbo na vitisho alafu akaachiwa ghafla, kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda kwa sababu kilisema wazi mambo ambayo kila mtu anayajua na hamna anayeyasema. Akaja na Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975, Gamba la Nyoka 1979 inayohusu vijiji vya ujamaa. Hizo zote unazielewa. Kuna kijiji, kuna baba mlevi, kuna barabara ya vumbi, kuna mkuu wa wilaya, kuna ng'ombe na shamba lililotaifishwa, Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo anaua na ananyongwa na unajua kabisa kwanini kaua na kwanini kanyongwa. Ukimuuliza mwalimu "dhamira ni nini" ana jibu mfukoni. Miaka ya sabini ndo ilikuwa hivyo, baada ya Azimio la Arusha fasihi ilitakiwa iwe na kazi, mwandishi anaangaliwa kama yuko upande wa wakulima na wafanyakazi au yuko upande gani, na riwaya nzuri ni ile inayoonyesha jamii ilivyo.

Alafu mtu huyo huyo ananyamaza kwenye riwaya kama miaka kumi na moja, anarudi na kitabu ambacho msimulizi hana jina, mji hauna jina, mwaka haupo, na wafu wanaongea.

Kinachotokea kwenye Nagona, nikisema kwa kifupi (na kusema kwa kifupi ndo mwanzo wa kuharibu lakini tufanyeje), ni hivi. Kuna "mimi" yuko safarini. Anapita sehemu tupu, anafika kwenye mji uliokufa, kimya kimetanda. Anakutana na padri anayepokea maungamo, na waliokuja kuungama ni majina makubwa ya fikra za Ulaya, wakina Plato, Marx, Darwin, Freud, Nietzsche. Yule "mimi" anatafuta kitu, na hicho kitu, au huyo mtu, ndo Nagona, ambaye kila ukidhani umemshika kashapita. Kuna wendawazimu, kuna habari za mkombozi wa pili anayesubiriwa, na mwisho kuna ngoma kuu, watu wanacheza. Mzingile inachukua pale inapoachia, humo kuna mzee anayeitwa Kakulu mwenye kisa chake cha kuzaliwa cha ajabu, kuna mtu anayetakiwa kupeleka taarifa ya msiba kwa mzee, na dunia inafika mahali inaungua inabaki karibu tupu, mwanaume na mwanamke, kama mwanzo.

Sasa angalia nilichofanya. Nimekusimulia na inaonekana ni stori ya kawaida tu ya mtu kasafiri kamtafuta fulani. Ukiifungua yenyewe haiko hivyo, maana hamna kamba inayounganisha tukio na tukio. Kwenye riwaya tulizozoea jambo linazaa jambo, baba kapiga binti kwa hiyo binti kakimbia kwa hiyo kapotea, ile "kwa hiyo" ndo barabara. Kwenye Nagona "kwa hiyo" imeng'olewa. Vitu vinafuatana kama vinavyofuatana kwenye ndoto, upo kanisani, unageuka, ni shamba la babu yako, na ukiwa ndani ya ndoto hushangai hata kidogo, unashangaa ukiamka. Mwenzangu wa chumba alichokiona kama kurasa zilizoruka ni hicho tu.

Cha kuchekesha ni kwamba Kiswahili chake humo ndani ni chepesi, na hili watu wengi hawaliamini mpaka nifungue ukurasa niwaonyeshe. Sentensi fupi, maneno ya kawaida, hamna zile "aghalabu" na "ilhali" za kujionyesha, sehemu nyingi mtoto wa darasa la saba anasoma bila kamusi. Kwa hiyo ugumu hauko kwenye lugha. Linganisha na tenzi za zamani ambazo neno kwa neno unahitaji mtu wa Lamu akae pembeni yako, lakini ukishaambiwa maana umemaliza, umeelewa. Nagona unaelewa kila neno alafu hujaelewa kitu, na hiyo inauma zaidi, ni kama mtu anakuongelesha kwa sauti ya upole kabisa na hujui anakwambia nini.

Na lugha yenyewe inamsaidia mwandishi kwa namna ambayo nadhani hatuisemi vya kutosha. Kwa Kiswahili mtu anaweza kusimulia kitabu kizima kwa "ni-" tu, nilienda, nilikuta, niliogopa, na usijue kama ni mwanaume au mwanamke, mzee au kijana, mpaka atake mwenyewe kukwambia. Yule anayekutana naye njiani nae ni "a-" tu, alisema, alicheka, akapotea. Mwandishi anayetaka kumficha mtu wala hahitaji kumvisha kinyago, sarufi ilishamvisha. Alafu kuna mchezo wa ngeli. Ukisema kivuli kilisimama, sawa, ni kivuli. Sema kivuli alisimama uone nywele zinavyokusisimka, silabi moja tu na kitu kimepata roho. Wasimuliaji wa hadithi wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani, jiwe akasema, mti akajibu, na watoto wanasikiliza midomo wazi bila kuomba ushahidi.

Ndo nafika kwenye hoja yangu. Sisi sio wageni wa mambo haya hata kidogo, na ndo maana ile kauli ninayoisikia kwamba kuchanganya ajabu na maisha ya kawaida "ni mambo ya kuiga kutoka Amerika ya Kusini" huwa inanikera kidogo.

Chukua Fumo Liongo. Kila mtoto aliyepita shule anajua kwamba Liongo silaha haimuingii, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na mwanae wa kumzaa ndo akamchoma. Liongo akaenda hadi kisimani akapiga goti na upinde kauvuta, akafa katika hali hiyo hiyo, na watu wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yuko hai. Nani amewahi kunyoosha mkono darasani akauliza shaba ina kemikali gani? Hamna. Tunakubali, na tunakubali kwa sababu picha ile ya mtu aliyekufa akiwa ameshika upinde inatugusa mahali fulani kabla hatujafikiria. Au angalia riwaya ya Kiswahili ilipokuwa bado changa. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, na Adili na Nduguze mwaka uliofuata, ambapo ndugu wawili wanageuzwa manyani na kila usiku wanachapwa. Yaani riwaya yetu ilikulia hewani! Ilikuja kushuka chini kwenye vumbi miaka ya sitini na sabini. Na Kezilahabi shahada yake ya uzamili aliifanyia kazi za Shaaban Robert, kwa hiyo alikuwa anajua vizuri sana nyumba anayoibomoa na nyumba anayoirudia.

Tofauti iko wapi basi, kama Liongo tunamkubali na Kusadikika tunaipenda, kwanini Nagona inatutoa jasho?

Mi naona ni suala la ufunguo. Kuna mafumbo yenye ufunguo na mafumbo yasiyo na ufunguo. Kusadikika ina ufunguo, ni nchi ya uonevu inayohitaji sheria, mshtakiwa Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe, na ukishajua kitabu kiliandikwa wakati wa mkoloni unafungua mlango unaingia. Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka Kenya 1995, ina ufunguo hadi kwenye jina, mtu anarushwa kwenda sayari ya mbali inaitwa Walenisi, ukisoma taratibu ni wale-ni-sisi, basi umeshapata, ile sayari ni kioo. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001, marehemu babu anarudi kumtembeza mjukuu wake kigogo aonyeshwe uozo wake, unaelewa nani anamsuta nani. Hizo zote ni ajabu zenye adabu, zinakubeba juu alafu zinakurudisha mlangoni kwako na mzigo wa kubeba.

Nagona haikurudishi. Unaanza kusema aa, Nagona ni ukweli. Sawa, inafanya kazi kurasa kama kumi. Alafu unafika sehemu ukiweka "ukweli" pale pa "Nagona" inakuwa upuuzi. Unabadilisha, labda ni uhuru, labda ni Afrika yenyewe, labda ni ile furaha ya kuwepo tu, na kila ufunguo unaingia kwenye kitasa, unazunguka robo, unakwama. Nimeona noti za wanafunzi zimeandikwa pembeni ya kila mhusika, padri sawasawa na dini, wendawazimu sawasawa na wasomi, ngoma sawasawa na umoja, imekaa kama jedwali la hesabu, na ukimuuliza aliyeandika kama amekipenda kitabu anakwambia mi nataka maksi.

Simlaumu kwa kweli. Tumefundishwa hivyo. Fasihi shuleni kwetu ina fani na maudhui, maudhui ndo nyama na fani ni sahani, unataja dhamira tano, ujumbe, falsafa, msimamo wa mwandishi, alafu unaeleza "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi" kana kwamba nae alikaa mtihani. Hiyo njia ukiipeleka kwenye Gamba la Nyoka inakupa kitu. Ukiipeleka kwenye Nagona ni kama kumkamua mbuzi dume, unavuta tu.

Na hapa ndo kuna jambo ambalo lilinibadilishia kabisa usomaji. Katikati ya zile riwaya za zamani na hizi mbili, Kezilahabi alienda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin pale Madison, akamaliza udaktari 1985, na mada yake ilikuwa falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Tatizo la kufasiri! Nikiishusha hoja yake mtaani (na wasomi wataninunia kwa kuishusha hivi) ni kwamba alichoka na ile tabia ya kuliona neno kama kopo, kwamba kuna kopo na kuna kilichomo, kazi ya msomaji ni kutoa kilichomo akatupa kopo. Kwenye ile tabia kuna anayejua upande huu na kinachojulikana upande ule, mmoja mtawala mwingine mtawaliwa, na yeye akaona hata namna tulivyofundishwa kuisoma Afrika yetu imebeba uhusiano huo huo wa bwana na kitu chake. Sasa mtu mwenye mawazo hayo akikaa kuandika riwaya, unategemea akuandikie kopo? Aliandika kitu ambacho ukikitoa "kilichomo" hubaki na chochote, lazima ukae nacho chote.

Ukishajua hilo ile sehemu ya maungamo inaanza kuchekesha, na mi huwa nacheka kweli. Fikiria kijana aliyepita seminari, anajua kitubio ni nini, unapiga magoti unajisema, alafu anakuwa mkubwa anawaleta hawa wazee wa Ulaya tuliowakariri chuoni, kila mmoja na nadharia yake ya dunia nzima, anawaweka kwenye foleni ya kuungama. Aliyekuwa mwalimu wa ulimwengu sasa ni mwenye dhambi. Na walioshika usukani mwisho wa kitabu ni wendawazimu, neno ambalo kwa Kiswahili lina "mwenda" ndani yake, mtu aliyeko safarini, aliyekwenda ambako sisi hatujaenda. Lakini umeona? Nimeshaanza kufasiri tena. Inavuta kama kidonda kinachowasha.

Wasomaji wanaipokeaje basi. Hata wasomi wenyewe hawajakubaliana waiweke kabati gani. Mikhail Gromov, Mrusi aliyefundisha Nairobi, aliandika makala ambayo kichwa chake kabisa ni swali, kwamba Nagona na Mzingile ni riwaya, ni ngano au ni kisa cha mafumbo? Said Khamis, ambaye ndo yule yule Said Ahmed Mohamed wa Babu Alipofufuka, alizungumzia uhalisia wa kiajabu, yaani ajabu kuchanganywa na maisha ya kawaida, na kumegekamegeka kwa masimulizi, lakini akaliweka simulizi mdomo hapo hapo katikati, kwamba haya mambo yana mizizi kwenye hadithi za bibi. Napenda kwamba aliyesema hivyo ni mwandishi na sio mchambuzi tu, maana miaka hiyo hiyo nae alikuwa anaandika riwaya za ajabu zake. Wengine wanasoma falsafa tupu, wanamuona humo Nietzsche na mwendelezo wa ile kiza ya Kichwamaji ambapo Kazimoto anajiua. Wamitila wa Kenya, aliyeichambua mapema, nae akaja kuandika Bina-Adamu! mwaka 2002, kwa hiyo hata kama sisi wasomaji wa kawaida tuliikimbia, waandishi hawakuikimbia, waliingia kwenye mlango ule mmoja baada ya mwingine.

Mtaani ni tofauti. Kuna anayeacha ukurasa wa kumi, na huyo ndo wengi. Kuna anayekasirika, na hasira yake huwa inaniambia kitu, maana ni ile ya mtu aliyeona kama anadharauliwa, kwamba huyu msomi karudi kutoka Marekani kaja kutuonyesha hatujasoma. Kezilahabi alishazoea hasira za namna hiyo, mwaka 1974 alipotoa Kichomi na mashairi yasiyo na vina wala mizani wanamapokeo, wale wanaoshikilia vina na mizani, walimjia juu kwamba hayo sio mashairi kabisa, mgogoro ukaenda miaka. Alafu kuna watu wa dini. Nina shangazi yangu mlokole nilimsomea sehemu ya Mzingile, ile ya yule mzee, akaniambia zima hiyo kitu, kana kwamba ni redio. Hakusema haelewi! Katika watu wote niliowapa kitabu hicho, aliyekielewa haraka kuliko wote ni yule aliyekikataa, aliona mara moja kwamba mzee ni nani na kwamba mwandishi anacheza na moto.

Wacha niwe mkweli pia, sio kwamba lawama zote ni za wasomaji. Ile foleni ya wanafalsafa ina tatizo, kama hujawahi kumsikia Nietzsche pale hamna kichekesho, ni majina tu ya kizungu yamepangwa, na hapo anayesema kitabu ni cha chuo ana hoja. Mzingile kwangu ni bora zaidi kwa sababu haikuombi cheti, mzee wa kilimani, msiba, moto, maji, hivyo vitu kila mtu anavyo. Na kuna sehemu za Nagona ambazo nimezisoma mara tano na bado naona tu mwandishi alikuwa anajifurahisha. Inaruhusiwa kusema hivyo, kitabu sio msahafu.

Ila kabla hujaacha, jaribu hivi. Usiisome kwa vipande vya wiki nzima, ni kurasa 60, tenga jioni moja, zima simu. Soma kwa sauti, hata kwa kunong'ona, utashangaa kiasi gani inasomeka kama mtu anasimulia. Usiulize huyu ni nani, uliza kitu gani kimerudi, maana vitu vinarudi, kimya kinarudi, mwanga unarudi, duara linarudi, safari inayoonekana imenyooka kumbe inazunguka. Jina la kitabu cha pili lenyewe limeshakwambia, mzingile ni ile njia ya kuzungukazunguka ukapotea, wazee wa pwani wanasema mzingile mwambiji, na mtu aliyeko kwenye mzingile akikimbilia mlango wa kutokea ndo anazidi kupotea.

Kuna kitu kimoja cha Ukerewe huwa nakifikiria. Kisiwa hicho hicho kilitoa Aniceti Kitereza, aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe ile stori ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ikaja kutoka kwa Kiswahili 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Mule ndani kila kitu kimeelezwa, dawa gani inachemshwa na majani gani, pombe inapikwaje hatua kwa hatua, wageni wanakaribishwaje, mzee hakutaka kitu kipotee. Miaka kumi baadae anatoka kijana wa kisiwa kile kile na kitabu chembamba ambacho hamna kitu kimeelezwa. Nikiviweka pamoja rafuni huwa naona kama mmoja anaandika kijiji mchana na mwingine anaandika kijiji hicho hicho usiku, na usiku ukitembea kijijini kwenu unajua mti ule ni mwembe, umeukwea utotoni, lakini unaupita mbio.

Mwenzangu wa chumba siku hizi yuko Mwanza, ana duka la vifaa vya ujenzi na watoto watatu. Mwaka juzi alipita Dar akalala kwangu, usiku akaanza yeye mwenyewe, "hivi yule jamaa alimpata?" Nikamuuliza jamaa gani. Akasema yule wa kurasa zilizoruka. Nikamwambia kuna cha pili, kinaitwa Mzingile, nikakitoa rafuni nikampa. Kulipopambazuka alikuwa sebuleni bado anasoma, taa imewaka na jua limeshatoka. Kitabu alikisahau kwenye begi lake, ndivyo anavyosema, na mpaka leo hajakirudisha.